Hadithi Imetiwa Chumvi, Saladi Haikutiwa

Haikulipuka. Naanza na hilo kwa sababu naona tayari mmeshaanza kuandika "pole kwa mlipuko", na kuna mmoja ameuliza kama madirisha yamesalimika. Madirisha yapo. Saladi haikulipuka, iliumuka, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Hata shemeji yangu anayefundisha kemia alilithibitisha hilo mbele ya watu, kwa sauti, wakati hakuna aliyemuuliza. Nitamfikia.

Shoga yangu, ambaye simtaji jina maana mnamjua, na asiyemjua atamjua kwa kile kicheko kwenye sauti na video alizowarushia, amewaambia kwamba bakuli liliruka juu, kwamba mama mkwe wangu alikimbia peku hadi nje, na kwamba mimi nilijificha chini ya meza. Naomba nirekebishe kwa utaratibu. Bakuli halikuondoka mezani. Mama mkwe hakukimbia peku, alikuwa na kiatu kimoja. Na chini ya meza niliingia kuokota korosho.

Haya, mmeridhika? Hamjaridhika. Basi kaeni vizuri.

Wale wa siku zote mnakumbuka nilivyojigamba humu kwamba safari hii wakwe wakija watakula saladi ya kabichi inayolia mdomoni. Nikaeleza na viungo vyote, hamkuniuliza nikaeleza: kabichi nyeupe na ile nyekundu, ambayo tukisema kweli ni zambarau, karoti, tufaha lenye uchachu, zabibu kavu, korosho na lozi. Mayonezi nikaikataa hadharani. Nikasema mayonezi ni ya watu wenye kitu cha kuficha.

Mlichokuwa hamkijui ni kwa nini nilikuwa na hasira na kabichi. Mara ya mwisho mama mkwe alipokula saladi yangu, alichovya kijiko, akakiinua, akakiangalia kinavyodondosha maji, akauliza kwa upole ule wa mama wakwe, ule upole unaokatia kwa chini: "Mwanangu, hii ni supu?"

Wifi akacheka hadi akatoka nje. Mimi nikacheka pia, maana utafanya nini, lakini usiku sikulala. Nikaanza kusoma.

Na nilisoma, nyie. Asilimia 92 hivi ya kabichi ni maji. Ukiikata na kuitia siki na vikorokoro vyake papo hapo, yale maji yanatoka taratibu, na wageni wakichelewa kidogo tu unakuta dimbwi chini ya bakuli. Dawa ni kuyatoa mapema. Unaikata nyembamba, unainyunyizia chumvi, kijiko kikubwa kimoja kwa kilo moja ya kabichi, unaiacha kwenye chujio nusu saa hadi saa nzima, halafu unaisuuza na kuikamua kwa taulo safi. Chumvi inavuta maji yaliyo ndani ya jani. Jani linalegea kidogo lakini mlio linabaki nao, na dimbwi halitokei tena kwa sababu maji yameshakwenda zake.

Njia hiyo ni sahihi. Nataka lieleweke hilo kabla hatujaendelea. Njia haina kosa lolote.

Sasa tuje kwenye chupa.

Siku moja kabla ya wageni, shoga yangu alikuja "kunisaidia". Amekuwa akiangalia zile video za majiko ya watu wasiopika, ambako kila kitu kimemiminwa kwenye chupa za kioo zinazofanana, zimepangwa kwa mstari, na mwanamke aliyevaa nguo nyeupe anapita mbele yake akinusa hewa. Akaniambia jiko langu halipumui. Mimi nikaenda kukata nywele za mtoto huku nyuma, niliporudi pakiti zote zimekwisha kumiminwa. Sukari kwenye kioo, chumvi kwenye kioo, unga kwenye kioo, magadi soda kwenye kioo. Nikamuuliza, mbona hazina maandishi? Akasema, "Karatasi za kubandika nitakuletea kesho."

Kesho ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Alikuja, karatasi alisahau, ila njaa hakusahau.

Najua kuna mjuaji huko chini anayeandika hivi sasa kwamba magadi soda ni unga laini na chumvi ni chenga, mtu mzima angetambua. Mjuaji, chumvi ninayotumia mimi ni ile laini ya mezani, na mikono yangu ilikuwa imelowa maji ya kabichi, na kitu cheupe kikigusa mkono uliolowa kinakuwa kitu cheupe kilicholowa. Endelea na maisha yako.

Nikakata kabichi. Hapa naomba mniheshimu, nilikata vizuri. Niliigawa vipande vinne, nikatoa kile kigumu cha katikati, nikalaza kila kipande ubavu nikashuka nacho taratibu, nyuzi nyembamba, unaziinua zinaanguka zenyewe. Nikaweka zote kwenye chujio kubwa juu ya beseni. Nikachukua chupa. Nikanyunyiza kijiko, nikachanganya, nikanyunyiza kingine.

Nikaonja uzi mmoja. Hauna chumvi.

Na sio kwamba una chumvi kidogo. Hauna. Halafu una ladha fulani ya sabuni. Nikauangalia ule ubao wa kukatia, nikamlaani kimoyomoyo aliyeuosha bila kuusuuza, nikaongeza kijiko. Nikaonja. Sabuni imezidi, chumvi bado. Nikasema labda hii kabichi ni ya wale wakulima wa kisasa, imekaidi. Nikaongeza. Shoga akapita, akaonja, akakunja uso akasema, "Shoga, bado chumvi haijakolea." Huyu huyu. Kwa mdomo wake. Nikaongeza kwa mkono sasa, vijiko nikaachana navyo.

Nikaifunika kwa kitambaa nikaenda kwenye mambo mengine, na hayo mambo mengine yalikwenda vizuri kiasi kwamba inaniuma. Korosho na lozi niliziweka kwenye oveni, nyuzi 180, dakika nane mpaka kumi, nikitikisa trei katikati, zikatoka na rangi ya dhahabu na harufu iliyomwita mume wangu kutoka chumbani. Nikaziacha zipoe kabisa nje ya bakuli, kwa sababu njugu za aina yoyote zikikaa ndani ya saladi zinanyonya maji na kulegea, zinatakiwa ziingie dakika ya mwisho. Zabibu nikaziloweka kwenye maji ya moto kidogo zivimbe. Tufaha nikalikata vipande nikalizungusha kwenye juisi ya limau, maana tufaha likikatwa likaachwa hewani linakuwa la kahawia na wageni wanaanza kujiuliza limekatwa lini. Limau linazuia hilo. Yote hayo niliyafanya. Andikeni mahali.

(Aliyeniuliza kama anaweza kutia nanasi badala ya tufaha: unaweza, ila kama mchuzi wako ni wa mtindi usiuache ukakaa. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini na mtindi unaanza kuwa mchungu. Sasa niache niendelee, unanikatisha.)

Nikarudi kwenye kabichi. Nikafunua kitambaa.

Buluu.

Nasema buluu, sisemi zambarau iliyokolea. Ile kabichi nyekundu ilikuwa buluu, na ile nyeupe iliyolala jirani yake imeingia umanjano, na pale zilipokutana kumetokea kijani ambacho sijawahi kukiona kwenye kitu kinacholiwa. Kwenye beseni chini kumejaa maji ya wino. Nikaita, "Shoga!" Akaja akasimama. Akaangalia. Mtu mwenye akili timamu angesema tutupe. Yeye akapiga makofi. "Imependeza! Inafanana na bahari! Wageni hawajawahi kuona."

Nami, jamani, nikaamini. Nilishasoma kwamba kabichi nyekundu inamwaga rangi. Nikajua ndiyo hii imemwaga. Na ukweli mwingine ni kwamba gari lilikuwa limeshasimama nje, nasikia sauti ya baba mkwe akiuliza viatu vivuliwe au visivuliwe. Hakukuwa na muda wa kusuuza. Nikakamua haraka haraka kwa taulo, taulo ambalo sasa limestaafu, nikamwaga kabichi kwenye lile bakuli kubwa la kioo, la harusi, linalotoka kabatini kwa wageni tu. Nikatia karoti na zabibu. Nikatia tufaha.

Hapa kuna jambo nililiona, na nikaliacha. Kila kipande cha tufaha kilipoangukia, palitokea doa la waridi. Ukiangalia kwa karibu, pembeni ya doa kulikuwa na vipovu vidogo vidogo vinapasuka. Nikamwonyesha shoga. Akasema, "Maua."

Sawa. Maua.

Watu wakakaa. Baba mkwe upande ule, mama mkwe karibu na bakuli kwa sababu ndiye mgeni wa heshima, wifi na mtoto wake, shemeji mwalimu, mume wangu, na shoga mkononi na simu. Wote wakaitazama saladi. Hakuna aliyesema kitu. Baba mkwe akasema "Bismillahi" mapema kuliko kawaida yake.

Mchuzi nilikuwa nimeuweka kwenye jagi dogo, pembeni. Kwenye zile video zote mchuzi unamiminwa mezani, mbele ya watu, ili kabichi isilegee. Ulikuwa mchuzi wa maana: siki ya tufaha, juisi ya limau, asali, haradali, mafuta ya zeituni, nimeupiga mpaka umeshikana. Nikasimama. Nikasafisha koo. Na kwa sababu shetani huwa hana haraka, anasubiri ujitayarishe mwenyewe, nikasema maneno haya, na yamo kwenye ile video kama kuna anayebisha:

"Mama, safari hii hakuna supu."

Nikamimina.

Mwanzo kimya. Mchuzi ukashuka, ukapotea katikati ya nyuzi za buluu, nikatabasamu. Halafu ikaanza sauti. Ya chini chini, chrrrrr. Baba mkwe akageuka huku na huku akauliza, "Nani kafungua soda?"

Baba, ungejua.

Kisha rangi ikaanza kutembea. Pale mchuzi ulipopita, buluu ikawa zambarau mbele ya macho yetu, na zambarau ikawa waridi, mstari mmoja, wa pili, inashuka ukutani mwa kioo inakwenda chini. Mtoto wa wifi akasema "Waaa!" na nakiri kwa nusu ya pumzi nilijiona fundi. Nilidhani ndiyo urembo wenyewe. Nikamimina zaidi ili mama mkwe aone vizuri upande wake.

Ndipo saladi ilipovuta pumzi.

Yaani iliinuka. Yote kwa pamoja, taratibu, ikajaa katikati kama unga wa mkate uliosahaulika karibu na jiko. Korosho zilizokuwa juu zikainuka nazo, zimekaa zimetulia, hazijui zinakopelekwa. Kati ya nyuzi za kabichi povu likaanza kuchungulia, povu la waridi lenye kung'aa kwa ajili ya asali, na haradali ile niliyoipiga kwa bidii ishikane ikawa inalishikilia na povu lisipasuke upesi. Kazi yangu mwenyewe. Mama mkwe alikuwa ameinama aone. Hakuruka, hakupiga kelele. Aliinua macho kunitazama, akauliza kwa ule upole:

"Mwanangu, mbona inapumua?"

Sikuwa na jibu. Nina jagi mkononi, mdomo wazi. Korosho moja ikafika kwenye ukingo wa bakuli. Naikumbuka, ilikuwa kubwa, imekaangika upande mmoja kuliko mwingine. Ikasimama pale ukingoni, ikasita. Meza nzima tunaiangalia korosho. Ikaanguka kwenye kitambaa, tik. Ikafuata lozi. Ikafuata zabibu, ambayo kwa vile ilikuwa imeloweka ilianguka bila sauti na kuacha alama. Halafu povu lenyewe likafika ukingoni, likavimba, likang'ang'ania pale kwa muda ambao mtu angeweza kusali rakaa mbili.

Na ndipo shoga yangu, rafiki yangu wa miaka, kutoka nyuma ya simu yake, akapiga ukelele: "Ongeza siki uikate!"

Nikaongeza.

Mnanicheka. Lakini mtu akiwa kwenye mshtuko anafuata amri ya kwanza anayoisikia. Nikamimina jagi lote. Povu likakata kona, likashuka upande wa mama mkwe, limebeba kabichi, karoti, tufaha na heshima yangu, likaenea kwenye kitambaa cheupe kwa mwendo wa maringo. Mama mkwe akasukuma kiti nyuma. Alikuwa amevua viatu chini ya meza kimyakimya apumzishe miguu, akatafuta kwa vidole, akapata kimoja, kingine povu lilikuwa limeshaanza kukidondokea, akaamua. Akasimama. Akatembea kwenda barazani. Narudia, akatembea. Kwa kasi, nakubali. Lakini kukimbia ni jambo jingine.

Mume wangu akainua taulo la mkono. Shemeji mwalimu akamshika mkono. "Msiguse! Msiguse kwanza!"

Tukaganda. Nikajua ni hatari, nikajua ni sumu. Kumbe hapana. Alitaka kuangalia.

"Shem," akaniambia, na macho yanamng'aa, "hii ni kiashiria! Hii ndiyo ile!" Akachukua uma, akachota kabichi ambayo mchuzi haukuifikia, bado buluu, akaidondoshea tone la limau kutoka kwenye sahani. Ikawa waridi. Akacheka peke yake. Akatueleza, sisi tukiwa tumesimama na povu linadondoka sakafuni, kwamba rangi ya kabichi nyekundu inaitwa anthosianini, na kwamba kwenye asidi inakuwa nyekundu, kwenye alkali inakuwa buluu hadi kijani, na shuleni huwa wanaichemsha makusudi wapime nayo vitu. Akauliza, "Umetia nini cha alkali?" Nikasema chumvi. Akasema chumvi haifanyi hivyo. Nikasema nimetia chumvi. Akasema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari, "Lete hiyo chumvi."

Nikaileta. Akatia kidole, akaonja, akamimina kidogo kwenye kijiko, akadondoshea siki. Chrrrrr.

"Hii ni magadi soda," akasema. "Bikabonati. Ikikutana na asidi inatoa kabonidayoksaidi. Wala haikulipuka, ni gesi tu inatoka." Ndiyo hapo alipothibitisha, na ndiyo sababu nawaambia tena neno sahihi ni kuumuka.

Nikageuka polepole kumtazama shoga. Shoga akawa anatazama dari. Ile sehemu ya video haimo, mmegundua? Video aliyowarushia inakatika pale pale mama mkwe anaposimama. Dakika za chupa hazipo. Mtu aliyewapigia chuku kuhusu bakuli lililoruka ameitia hadithi chumvi yote ambayo kabichi yangu iliikosa, na chupa hajaitaja hata mara moja. Nimemuuliza leo asubuhi. Amesema chupa zilikuwa "zinajieleza zenyewe".

Zinajieleza zenyewe! Kioo cheupe chenye unga mweupe kinajieleza nini?

Haya, mengine yalikwenda haraka. Kitambaa kimetoka na ramani ya waridi na buluu, nikikitia limau ramani inakuwa yote ya waridi, haitoki. Sakafu inanata. Kiatu cha mama mkwe kimeoshwa. Mtoto wa wifi alilia saladi ilipotulia, anataka "irudie". Shemeji aliomba yale maji ya wino kwenye beseni, akayagawa kwenye chupa za maji akaondoka nayo kwa ajili ya wanafunzi wake, akanishukuru kwa mkono wote. Ni yeye pekee aliyenishukuru.

Na kwa wanaouliza kama wageni walilala njaa: nusu ya kabichi nyeupe ilikuwa imebaki. Niliikata, nikaitumbukiza kwenye maji ya barafu, maana maji baridi yanaingia ndani ya jani na kulikaza, dakika ishirini hivi wakati watu wanapangusa meza, nikaichuja na kuikausha vizuri kwa taulo lingine. Tufaha jipya, limau, chumvi ambayo shemeji aliionja kwanza yeye mwenyewe, mafuta, na zile korosho na lozi zilizokuwa zimebaki kwenye trei. Zile za chini sikuzitia, acheni maneno, nilizookota nilimpa kuku. Ililia mdomoni. Kulikuwa na kimya mezani na ndani ya kile kimya unasikia krach, krach, baba mkwe anatafuna. Mama mkwe alirudi kutoka barazani akala, akaongeza, hakusema kitu. Kila alipochota alikitazama kijiko kidogo kabla ya kukiweka mdomoni, kuhakikisha kimetulia.

Kwenye kundi la familia wameshanibadilisha jina, mnaweza kukisia. Wifi anasema wakija tena waje na miwani ya maabara. Mume wangu anasema nisijibu, watachoka. Hawajachoka.

Sasa hivi wakati naandika umeingia ujumbe wa mama mkwe. Anasema ile saladi ya pili ilikuwa nzuri, tumbo limekubali, na Jumapili anakuja tena na dada zake wawili waionje. Nisihangaike na lolote, nikate kabichi tu.

Chumvi atakuja nayo mwenyewe.